Nasaha kwa Ndugu Zangu Wanaocheza Skyrim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, kaka na dada, likizo hii nimekuwa nyumbani Kamembe, wilayani Rusizi. Swali nililoulizwa mara nyingi kuliko la mirathi au la kuandama kwa mwezi ni hili: "Eti Skyrim ni haramu?" Nimeulizwa na vijana nje ya msikiti tukivaa viatu. Nimeulizwa na mama mmoja wa Bugarama ambaye mwanawe siku hizi haonekani wakati wa chakula. Nimeulizwa pia na mwanafunzi mwenzetu mmoja, na macho yake mekundu yalinieleza kwamba hakulala. Mimi bado ninasoma masomo ya Kiislamu, si mufti, na fatwa ina wenyewe. Ninachoweza ni kuwawekea mbele yenu niliyoyasoma. Gemu lenyewe ninalijua, kwa kuwa ninalicheza.

Kwa wasiolijua: Skyrim ni gemu lililotolewa na Bethesda ya Marekani tarehe 11 Novemba 2011, nalo ni la tano katika mfululizo mkuu wa The Elder Scrolls. Unakuwa mtu mmoja katika nchi ya kubuni yenye milima ya theluji, miji, mapango, wachawi na majoka yanayoruka. Njia haiko moja. Ukitaka unafuata kisa kikubwa cha kupigana na majoka. Ukitaka unakuwa mhunzi, mwindaji, mwizi au mtengeneza dawa. Au unatembea tu kutoka bonde hadi bonde, kama mtu aliyeingia msitu wa Nyungwe bila haraka ya kutoka. Kwa kuwa ni gemu la zamani, linakubali hata laptopu zetu hizi zilizokwisha kuzeekea mikononi mwa wengine kabla ya kutufikia.

Wapo wanaolikataza kwa sababu ya majoka na viumbe visivyokuwepo. Wanasema ni uongo, na uongo ni haramu. Hoja hii siioni ikisimama. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) alirudi safarini, upepo ukafunua pazia la pahali alipoweka Bibi Aisha (r.a.) wanasesere wake. Kati yao akaona farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Akamwuliza, farasi ana mabawa? Bibi Aisha akamjibu kwamba kwani hakusikia kuwa Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mabawa? Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Hakumkemea, wala hakumchukulia farasi wake. Na ni yeye huyo aliyewaacha Wahabeshi wacheze na mikuki yao msikitini, Bibi Aisha akiwatazama. Wazee wetu wa pwani nao walifuata njia hiyo ya hadithi: Utendi wa Tambuka, wenye nakala ya Pate ya mwaka 1728, unasimulia vita vya Waislamu na Herakali wa Urumi, na humo mna mengi ambayo mwanahistoria hatayakuta katika vitabu vyake. Watu waliusikiliza wakafurahi, na dini yao ikabaki.

Lakini upande wa pili yuko Nadhri bin al-Harith. Huyu alikuwa Mkuraishi aliyejua visa vya wafalme wa Kiajemi, vya Rustam na Isfandiyari. Mtume (s.a.w.) alipoinuka kwenye baraza baada ya kuwasomea watu Qur'ani, Nadhri alikuwa akikaa pale pale na kuwasimulia hao mashujaa wake, akidai maneno yake ni matamu zaidi. Baadhi ya wafasiri wameihusisha naye aya ya 6 ya Suratu Luqman, inayomtaja anayenunua maneno ya upuuzi ili awapoteze watu na njia ya Mwenyezi Mungu. Nikisoma kisa hiki, sioni kosa likiwa kwa Rustam. Kosa liko katika kiti alichokikalia Nadhri. Basi swali letu lisiwe gemu lina nini ndani tu, bali pia linakaa kwenye kiti cha nani.

Kabla sijafika huko, nimalize jambo la madhabahu, maana hapa sina maneno mawili. Nchi ya Skyrim ina miungu yake ya kubuni, na kila mmoja ana madhabahu yake. Mchezaji akibonyeza kitufe mbele yake, mhusika anapata baraka na maradhi yanamtoka. Najua wenzangu husema ni kitufe tu, moyo uko kwa Allah. Ndiyo, amali huhesabiwa kwa nia. Lakini kidole ni changu, na sipendi kukizoesha kuomba shifaa kwa kisichokuwa Mola wangu, hata kwa mzaha. Isitoshe, hakuna anayelazimishwa: dawa ya kuondoa maradhi inauzwa kwa wauza dawa mle mle ndani ya gemu, na kazi yake ni ile ile. Mimi nanunua dawa. Wananicheka, na wacheke.

Sasa wakati. Waliotengeneza Skyrim waliipa saa yake mwendo wa mara ishirini ya saa yetu. Siku nzima ya mle, usiku na mchana, ni dakika 72 za kwetu. Hebu ufikirie hapa Rusizi: jua huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na kutoka Magharibi mpaka Isha ni saa moja na dakika chache. Yaani mtu anayesema "nimalizie misheni hii moja kabla ya kuswali" anaishi siku nzima kule, huku Magharibi yake inakwisha. Hahisi, kwa sababu kule kila kitu kinamngoja. Mwenye shida aliyekuomba umletee upanga wa babake atakungoja miezi, na ukirudi bado amesimama pale pale na maneno yale yale. Kuna hata kitufe cha kungoja: unachagua saa, mpaka ishirini na nne, na jua linakwenda utakavyo wewe. Ulimwengu mzima unakutumikia wewe mmoja.

Swala haikuwekwa hivyo. Katika Suratun Nisaa, aya ya 103, Mwenyezi Mungu anatuambia kwamba swala ni faradhi iliyowekewa nyakati zake. Nawaomba msiisome aya hiyo peke yake. Someni na ya 102 iliyo kabla yake. Ile inawafundisha Waislamu namna ya kuswali wakiwa mbele ya adui: kundi moja linaswali, jingine linalinda, silaha zikiwa mkononi, kisha wanabadilishana. Adui wa kweli, mishale ya kweli, na swala haikuondolewa. Siku ya Khandaki, Mtume (s.a.w.) alipozuiliwa na vita mpaka Alasiri ikampita, aliumia kwa hilo kiasi cha kuwaombea mabaya waliomzuia. Nasi tumezuiliwa na nani? Na joka la rangi na mwanga. Tena Skyrim ina kitufe cha kusimamisha, si kama yale magemu ya kucheza na watu wa mbali kwenye intaneti ambao watakutukana ukiondoka. Ukibonyeza, joka linabaki limening'inia hewani na moto mdomoni, na ukirudi baada ya sunna utalikuta pale pale. Kwa hiyo mcheza Skyrim ana udhuru mdogo kuliko wachezaji wengine wote, na huyo mwenzetu mwenye macho mekundu nilimwambia hivyo hivyo. Hakupenda.

Nifike sasa pale paliponifanya nishike kalamu.

Ndani ya gemu hili unaweza kusevu, yaani kuhifadhi ulipofika, ukafanya lolote, kisha ukarudi ulipohifadhi kama kwamba hukufanya kitu. Kuna mchezo ndani ya mchezo ambao vijana wanaupenda. Wanasevu nje ya kijiji, wanaingia, wanaua kila mtu. Mhunzi, mwenye duka, mzee aliyekaa kwenye baraza yake, mpaka kuku. Wanacheka, wanahesabu, wanarudi nyuma, na kijiji kinasimama tena kizima.

Ndugu zangu, sisi ni watu wa Rwanda. Hapa mjini kwetu kuna uwanja wa Kamarampaka. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu walikusanywa humo wakidhani watapata hifadhi, kisha majina yakasomwa, na walioitwa wakatolewa kwenda kuuawa. Waliobaki walihamishiwa kambi ya Nyarushishi. Waliotolewa hawakurudi. Nyumba nyingi za Rusizi zina mama au baba anayepita nyuma ya kiti chako wakati skrini inawaka, na wewe hujui anachokiona anapokuona ukicheka.

Sisemi kwamba anayebonyeza kitufe atakuwa muuaji. Sina ushahidi huo, na sitaki kuwasingizia vijana. Wala sisemi kupigana na majoka na majambazi wa hadithi ni sawa na hili. Shujaa wa hadithi amepigana tangu zamani, na watoto wetu wanajua tofauti. Ninachosema ni kwamba Mwenyezi Mungu katika Suratul Maida, aya ya 32, amelifanya kosa la kuua nafsi moja bila haki kuwa kama kuwaua watu wote, na kuiokoa moja kuwa kama kuwaokoa wote. Mtume (s.a.w.) naye ametufahamisha kuwa la kwanza litakalohukumiwa baina ya watu Siku ya Kiyama ni damu. Jambo zito namna hiyo halifai kuwa kichekesho cha baada ya chakula, na katika nchi hii halifai zaidi. Hata waliotengeneza Skyrim, ambao hawakuwa na haja ya dini yetu, waliona upo mpaka: watoto wa gemu lile hawafi, umpige mtoto utakavyo. Kama wao waliweka mpaka wao, sisi tunaosoma Suratul Maida tushindwe kuweka wetu? Kijiji kile kipite kwa salama, mwamkie mhunzi, nenda zako mlimani.

Na huko kurudi nyuma kwenyewe, Qur'ani imekwisha kutueleza ni nani atakayekuomba. Katika Suratul Muuminun, aya ya 99 na 100, anatajwa mtu ambaye mauti yamemfikia, naye anamwomba Mola wake amrudishe akatende mema aliyoyaacha. Anajibiwa kwamba hapana. Hayo ni maneno anayasema tu, na mbele yake kuna kizuizi mpaka siku ya kufufuliwa. Nikicheza, na nikirudi nyuma kwa mara ya kumi kwa sababu ya jitu lililonirusha angani kwa rungu lake, aya hizi hunijia zenyewe. Sijui kama waliotengeneza gemu walikusudia kunipa mawaidha, lakini wamenipa.

Kuna zuri moja ambalo ningependa tuliibe. Katika Skyrim, ujuzi hukua kwa kutumika. Upanga hukua kwa kupiga upanga, uhunzi kwa kufua chuma. Basi vijana hukaa wakifua visu vya chuma, kisu kimoja baada ya kingine, kidogo cha thamani, ili namba ya uhunzi ipande. Nimemwona mdogo wetu mmoja akifua visu mia. Mia! Kijana huyo huyo ananiambia hana subira ya kurudia Suratul Mulk. Ina aya thelathini. Tumeambiwa na Mtume (s.a.w.) kwamba amali zinazopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni zile zinazodumu, hata zikiwa chache. Subira anayo, nimeiona kwa macho yangu. Kinachokosekana ni ile namba ndogo inayopanda pembeni ya skrini. Nikamchorea karatasi, aya thelathini, mstari mmoja kwa kila moja, akaibandika ukutani juu ya laptopu. Nilipoondoka Kamembe alikuwa kwenye aya ya kumi na saba.

La mwisho, na hili hakuna aliyeniuliza. Karibu nakala zote za gemu hili nilizozikuta mabwenini zimepita kwa flashi, kutoka mkono hadi mkono, bila mtu kulipa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwaka 1988, lilipitisha kwamba haki za utunzi na ugunduzi ni mali inayolindwa na sharia, na haijuzu kuzivamia. Najua hali ya mifuko yetu. Lakini gemu lina miaka mingi sasa na bei yake hushuka sana nyakati za punguzo, na watu wanne wanaokula sahani moja hawashindwi kuchanga, wakalicheza kwa zamu kwenye laptopu moja. Wanaotaka kuchanga watanipata baada ya Alasiri, siku ya Ijumaa, pale pale tunapovaa viatu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.