Tafakari ya Leo: Risasi Huanza na Dhana



Mwaka 2016 Roland Fryer, mchumi mweusi wa Marekani, alitoa utafiti wake: mjini Houston, kati ya watu waliokutana na polisi, hakuona weusi wakipigwa risasi kuliko weupe. Wenzake wakahoji: je, nani alisimamishwa kwanza, na kwa sababu gani? Ukianza kuhesabu kwenye bunduki, dhana iliyotangulia huioni.

Kwetu suala si rangi, lakini dhana ipo. Januari 2006, Dar es Salaam, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi waliuawa mikononi mwa polisi, wakaitwa majambazi. Tume ya Jaji Kipenka ikabaini hawakuwa majambazi.

Suratul Hujurat inatuonya na dhana, tena inatuamrisha tuhakikishe habari. Basi mgeni akivuka mpaka kutoka Malawi, tukamnyooshea kidole "jambazi huyo!" na hatujaona kitu, tusidhani dhambi ni ya mwenye bunduki peke yake. Yeye ataulizwa risasi yake, sisi tutaulizwa ndimi zetu.

Tumbo limefunga, na ulimi je?

Allah atutakabalie swaumu zetu. Amin.