Je, takwimu humfunga mvuta sigara?

Ukimnasihi mvuta sigara aache, mara nyingi hukujibu: “Ustaadh, wangapi wameacha wakarudi? Na mimi nitarudi tu.” Hoja hii ina hesabu nyuma yake. Basi tuitazame hesabu yenyewe.

Wataalamu hutumia jedwali liitwalo matriksi ya mpito. Tuchukulie mfano tu: kila mwaka, katika wavutaji 100, 20 huacha, na katika walioacha 100, 10 hurudia. Tukianza na wavutaji 100, mwaka wa kwanza wanabaki 80. Mwaka wa pili wanakuwa 66, yaani 64 wasioacha na wawili waliorudi. Tukiendelea hivyo, idadi hutulia kwenye theluthi, kama 33, wala haishuki tena.

“Umeona!” atasema ndugu yetu. “Theluthi lazima wavute.” Hapana. Jedwali linahesabu kundi, halimtaji mtu. Hao 33 si wale wale daima: kila mwaka wapatao saba wanatoka na saba wanaingia. Nani atoke, jedwali halisemi.

Hesabu za namna hii zilianzishwa na Mrusi Andrei Markov mwaka 1906, katika mabishano na mwenzake Pavel Nekrasov. Nekrasov alidai kuwa wastani hutulia pale tu ambapo matukio hayategemeani, na akajengea hapo hoja ya hiari ya mwanadamu. Markov akaonyesha kuwa hata matukio yanayotegemeana hutoa wastani uliotulia. Kwa hiyo utulivu wa takwimu hauthibitishi hiari, wala hauikanushi. Anayeufanya udhuru anaubebesha mzigo usio wake.

Ni kweli kwamba nikotini ina uraibu, na aliyevuta miaka 20 hana kazi sawa na aliyeanza jana. Lakini ugumu si kulazimishwa. Tunafundisha kuwa tawba ni kuacha, kujuta na kuazimia kutorudi. Jedwali linaona kuacha tu. Majuto na azma hayana safu humo.

Tena namba zenyewe hazikushuka kutoka mbinguni. Katika mfano wetu, wanaorudia wakipungua kutoka 10 hadi watano, wavutaji hutulia kwenye 20 badala ya 33. Na ni nani humrudisha aliyeacha? Mara nyingi ni rafiki anayemnyooshea pakiti barazani, akimwambia, “Moja tu.”

Basi, ndugu msomaji, tusimwulize mvutaji peke yake. Kila mmoja wetu ajiulize yeye anaongeza namba ipi.