Baridi ya Julai na Jirani Mkimbizi

Nairobi haina theluji, lakini baridi ya Julai inauma. Jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti mawingu mara nyingi hulifunika jua kutwa. Huko katika mitaa ya Kawangware na Kangemi, kwenye ploti za nyumba za mabati, baridi hiyo huingia hadi kitandani.

Katika ploti hizo wanaishi Wakongo, Warundi na Wanyarwanda waliokimbia makwao, ukuta kwa ukuta na Wakenya waliotoka mashambani kutafuta riziki. Mtoto wa mkimbizi na wa mwenyeji hukohoa usiku uleule, na mama zao hupanga foleni kwenye zahanati ileile. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 nayo inataka wakimbizi na wenyeji watumie huduma za umma kwa pamoja.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi blanketi za msaada zikifika kwenye ploti, zisiuruke mlango wa mwenyeji asiye nacho. Nawe unayeelekea kazini katikati ya jiji, sweta usiyoivaa ipeleke msikitini au kanisani ikagawiwe. Na leo jioni mkumbushe jirani yako asilale na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua. Mwenyezi Mungu atujalie moyo wa kugawana.