Adabu ya Neno "Mshenzi"

Wanangu, siku hizi "mshenzi" limekuwa neno la kila saa. Dereva akichomekewa, mshenzi. Mtoto akimwaga chai, mshenzi. Timu ikifungwa, refa mshenzi. Watu wazima hulitamka mbele ya wakwe zao wala hawashtuki. Jambo hili limenikera, na sitalinyamazia.

Jueni kwanza mnachokitamka. Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipopita kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, watu wa pwani walijiita waungwana, nao wakawaita watu wa bara washenzi. Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa misafara hiyo, aliposimulia maisha yake, aliwataja hivyo wenyeji wa nchi alizopita, bila hata kuwa na hasira nao. Mshenzi hakuwa aliyekosea. Alikuwa asiye wa kwetu, na asiye wa kwetu aliweza kutiwa mnyororo akauzwa. Hata "ustaarabu", tunaoutaja kuwa kinyume cha ushenzi, asili yake ni kufuata mwenendo wa Waarabu. Baadaye walowezi wa Kiingereza nchini Kenya walilichukua neno "mshenzi" wakalitumia kwa mbwa wasio na nasaba. Huko ndiko lilikopita kabla ya kufika kinywani mwako.

Basi mkikemea, tajeni kosa. Aliyeruka foleni aambiwe ameruka foleni. Aliyedhulumu aambiwe amedhulumu, arudishe haki ya watu. Ukimwita mshenzi hajajua alichokosea. Amejua tu kwamba unamdharau, naye atajibu dharau kwa dharau.

Mtoto usimwite hivyo kamwe.

Mkubwa wako, hata akikukosea, usimwite hivyo.

Na kabila la watu msiliite hivyo, hata kwa utani. Utani una watani wake na mipaka yake.

Nimemshuhudia karani wa ofisi moja akimwita mzee wa watu "mshenzi" kwa kuwa alijaza fomu mahali pasipotakiwa. Mzee akajibu, "Ahsante, mwanangu," akarudi kwenye benchi. Vijana waliokuwa foleni wakacheka. Kicheko kile kiliniudhi kuliko tusi lenyewe. Kijana anayecheka mzee akitukanwa hana malezi, na tai aliyovaa haimsitiri. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Nawe uliyemtukana mtu hivyo wiki hii, nenda ukamtake radhi, na umwite kwa jina lake.