Binti wa Bingwa wa Baiskeli

Yafaa asubuhi hii kumtafakari France Ellegaard, mpiga piano wa Denmark aliyezaliwa Paris mwaka 1913, binti wa Thorvald Ellegaard, mwendesha baiskeli aliyetwaa mara 6 ubingwa wa dunia wa mbio fupi. Huenda nidhamu ya mazoezi, ambayo hakuna mpiga piano wa jukwaani anayeikwepa, aliiona nyumbani kabla ya kuikuta katika Konsevatoari ya Paris, yaani chuo cha muziki cha taifa la Ufaransa. Baadaye alihamia Finland, akaolewa na Birger Carlstedt, mmoja wa waasisi wa uchoraji dhahania nchini humo, yaani uchoraji usioiga sura za vitu, akafundisha katika Akademia ya Sibelius mjini Helsinki, kazi isiyopigiwa makofi, hadi akahesabiwa miongoni mwa Wafini wenyewe.