Kumsimamia Mtu Mzima

Lugha yetu humwita aliyekua na kukomaa "mtu mzima". Neno lilo hilo, uzima, tunalitumia kwa chungu kisichokuwa na ufa, kwa mgonjwa aliyepona, na kwa kila kilicho hai. Kwa hesabu ya Kiswahili, basi, kukua ni kukamilika, na asiyekamilika ama ni mtoto ama ni mgonjwa. Hapo ndipo lugha inapotutia katika dhiki. Mtu mwenye miaka 80, aliyelea na kuzika, ambaye leo akili yake imeingia ufa, hakumbuki kama amekula, haitambui noti ya elfu kumi na ya elfu moja, je, ni mtu mzima au si mtu mzima? Na kama ni yote mawili, nani mwenye haki ya kumwamulia, na haki hiyo iishie wapi?

Swali hili sikulipata vitabuni. Kwa miaka michache niliishi katika mji mmoja wa Uingereza, na riziki yangu ilikuwa ukalimani, kwani mashairi hayajapata kulipa kodi ya nyumba. Huko nikaijua kazi ambayo sisi hatuna jina lake. Halmashauri za miji zina maafisa wenye dhamana ya watu wazima waliopungukiwa na uwezo wa kuamua, wasiokuwa na jamaa, au wanao lakini hawapo karibu, au wapo karibu lakini hawaaminiki. Mahakama huikabidhi halmashauri mali ya mtu huyo, na afisa ndiye anayepokea pensheni yake, anayelipa kodi, umeme na deni la duka, na kila mwaka hupeleka taarifa ya alichotumia na alichoamua. Mambo ya makazi na matibabu huamuliwa kwa mashauriano, na yakiwa mazito au yakileta ugomvi hurejeshwa kwa hakimu.

Kazi hiyo tuiteje? Mlezi ni wa mtoto. Wakili huteuliwa na mwenyewe, ilhali huyu wetu hakuulizwa. Wasii hungoja kifo. Nimechagua "msimamizi" kwa kukosa jengine, ingawa neno lenyewe lina kiburi kidogo: anayekusimamia yu wima, nawe umekaa au umelala.

Sheria inayotawala kazi hii kule ilipitishwa mwaka 2005 na ikaanza kutumika mwaka 2007. Naisifu kwa mambo mawili. Kwanza, inamhesabu kila mtu mzima kuwa anaweza kujiamulia mpaka ithibitike kinyume chake, na tena kwa jambo lile mahsusi. Asiyeweza kuuza nyumba huenda akaweza kabisa kuchagua nguo na rafiki. Pili, inasema kuwa mtu hahesabiwi kuwa hana akili kwa sababu tu ameamua jambo la kipumbavu. Hili la pili ni zito. Sote tumo hatarini pindi upumbavu ukifanywa ushahidi.

Mmoja wa niliowafasiria alikuwa bibi wa pwani yetu, mjane, akili inakuja na kwenda kama maji ya bamvua. Kiingereza alichokitumia miaka 30 kilikuwa kimemtoka chote, kimebaki Kiswahili cha utotoni. Afisa wake alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye mafaili mengi kuliko siku za mwezi. Bibi alikuwa akisema kila mara, "Mwanangu, waambie wanirudishe kwetu." Afisa akaniuliza, kwetu ni wapi?

Mfasiri yeyote anajua kuwa hapo pana shimo. "Kwetu" si "kwangu". Huenda ikawa Unguja, huenda ikawa nyumba ya baba iliyokwisha anguka, huenda ikawa watu wala si mahali. Ningechagua neno moja la Kiingereza, ningekuwa nimemwamulia. Nikamweleza afisa kuwa neno lina milango mitatu na sijui bibi amesimama kwenye upi. Akaandika yote matatu, na katika wiki zilizofuata akarudi mara nne, asubuhi na jioni, akiuliza kwa njia mbalimbali. Tulichokipata ni kidogo: jioni, bibi alikuwa akitaka mlango wa mbele uachwe wazi.

Faili lilikuwa limekwisha liandika jambo hilo chini ya hatari: huacha mlango wazi. Msomaji wa pwani hahitaji kufasiriwa. Kwetu mlango uliofungwa mchana ni wa msafiri au wa mwenye choyo; nyumba yenye watu hufunguliwa, jirani apite, apige hodi, akae barazani. Bibi hakuwa amesahau kufunga, bali alikuwa akikumbuka kufungua.

Afisa akapigania bibi asihamishiwe katika nyumba ya wazee, na mlango uwe wazi saa moja kila jioni, mtumishi akiwapo. Mipango ya watu ina mianya, na jioni moja mtumishi alichelewa, mtu akaingia, akachukua pochi na bangili mbili. Bibi hakuguswa. Jamaa walioko nchi ya tatu, ambao kwa miaka hawakupiga simu, wakapiga simu. Wakauliza ni msimamizi gani huyu anayemwacha kizee na mlango wazi?

Nadhani afisa alikuwa na haki, na bangili hazikubadilisha kitu. Lakini sipendi kulisema hilo kwa wepesi, maana kuna uzembe unaojivika joho la heshima. "Tumemwachia uhuru wake" ni maneno matamu katika kinywa cha asiyetaka kupanda ngazi kwenda kumtazama. Tofauti ni ile safari nne. Mwenye kumwacha mtu na ridhaa yake baada ya kumsikiliza mara nne hakufanya tendo moja na yule aliyemwacha bila ya kumsikiliza kabisa, hata kama bangili zimepotea kwa wote wawili.

Wapo watakaosema kuwa huu ni ujuvi wa Kizungu. Sivyo. Mafakihi walilijadili jambo hili zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, katika mlango wa hijri, yaani kumzuia mtu na mali yake. Suratu An-Nisaa inakataza safihi kukabidhiwa mali, na wengi wao, wakiwemo Mashafii ambao ndio wengi huku kwetu, wameona kuwa mbadhirifu azuiwe hata akiwa mkubwa. Imamu Abu Hanifa akakhitalifu. Kijana aliyebaleghe bila ya busara mali yake izuiwe mpaka miaka 25. Baada ya hapo apewe, na hata akiifuja, asinyang'anywe kauli yake. Hoja yake ni kuwa kumvua mtu mamlaka juu ya nafsi yake ni kumshusha katika daraja ya utu, na dhara hiyo ni kubwa kuliko ya kupotea mali. Wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad, hawakumfuata.

Ni kweli kuwa alisema hayo juu ya safihi, si juu ya mwendawazimu, ambaye azuiwe kwa kauli ya wote. Shida ya mzee msahaulifu ni kuwa yu baina yao: asubuhi mwenye hekima, adhuhuri safihi, usiku hajui jina la mwanawe. Ukimpa hukumu moja kwa saa zote 24 utakuwa umemdhulumu baadhi ya saa.

Na mambo huwa mazito zaidi ya bangili. Mwaka 2015 ilifikishwa mbele ya Jaji Peter Jackson, Uingereza, kesi ya mzee wa miaka 73 anayetajwa kwa herufi moja tu, Bwana B. Alikuwa na ugonjwa wa akili wa miaka mingi, akisikia sauti za malaika na za Bibi Maryamu. Kisukari kilikuwa kimeuozesha mguu wake, na madaktari wakaomba ruhusa ya kuukata, la sivyo atakufa. Yeye alikataa. Hakuna aliyebisha kuwa akili yake haikuweza kupima jambo lile. Jaji akaenda hospitali akakaa naye, akamsikiliza, akarudi, akakataa kuruhusu mguu ukatwe. Aliona kuwa sauti zile na msimamo ule ndivyo vilivyokuwa maisha ya mtu yule, na kumkata kwa nguvu ni kumwokoa mtu mwengine asiyekuwapo. Nimeirudia hukumu hii mara nyingi. Kuna siku naikubali, na kuna siku namfikiria daktari aliyekuwa na kisu cha kuokoa roho akaambiwa akiweke chini.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, umekwenda mbali zaidi. Kamati yake ilieleza mwaka 2014 kuwa pasiulizwe tena "manufaa yake ni nini" bali "yeye anataka nini", na isipojulikana, ikisiwe kwa uaminifu. Hiyo ni kazi ya mfasiri hasa, ila mfasiri ana matini mbele yake, na msimamizi aghalabu ana kipande kilicholiwa na mchwa.

Huku kwetu tunajisifu kuwa wazee hatuwatupi. Kwa sehemu ni kweli. Lakini Unguja kuna nyumba za wazee Sebleni na Welezo, na Pemba kuna Limbani, na hawakuota pale kama uyoga. Tena, jamaa ni msimamizi mwenye mapenzi, na vilevile ni mrithi. Nani asiyeijua nyumba ya urithi iliyouzwa mwenyewe angali hai, kwa dole gumba lililoshikwa likachovywa wino? Yule afisa mgeni hakumpenda bibi kama mwana, lakini hakuwa na thumuni ya kungojea katika kifo chake.

Wosia wetu husema ya baada ya kufa. Uwakala, kwa kauli ya mafakihi, huvunjika akili ya mwenyewe inapoondoka, yaani siku ile ile unapohitajika. Katikati hapana kitu. Kwa hivyo mwaka jana niliandika karatasi yangu: chai isiyo maziwa, redio iwashwe alfajiri, vitabu visiuzwe ningali napumua, nisomewe mashairi hata kama nitaonekana sisikii. Binti yangu akaisoma, akaniuliza, "Baba, na siku hiyo ukiitaka chai ya maziwa, nimtii nani, wewe wa leo au wewe wa siku ile?"

Nilimwambia: juu ya chai na mlango na nguo, mtii yule wa siku ile, hata akinikana. Juu ya nyumba na mahali pa kuzikwa, nitii mimi wa leo. Akaniuliza juu ya kisu cha daktari. Tukaitazama karatasi, wala hapo hapakuwa na mstari.