Mbwa Hana Bei, Lakini Ana Gharama

Anayefika kituo cha KSPCA, shirika la kulinda na kutunza wanyama, kilichoko Karen, Nairobi, akitaka kumchukua mbwa aliyeokolewa, hutakiwa kulipa ada. Wapo wanaoshtuka. Mbwa alitupwa na hakuna aliyemtaka, kituo chenyewe huendeshwa kwa michango, na mtu aliyekuja kumpa makao bado adaiwe pesa? Swali hilo si la kupuuzwa. Linagusa jambo ambalo wanadini na wanafalsafa wamelihangaikia kwa karne nyingi: je, huruma ikitozwa fedha, hubaki huruma au hugeuka biashara?

Waislamu wa mwambao wanalijua vizuri. Katika hadithi ya Abu Mas'ud al-Ansari, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume Muhammad alikataza thamani ya mbwa, akaitaja pamoja na malipo ya kahaba na ya mpiga ramli. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi kuanzia Lamu hadi Unguja, hulichukua katazo hilo bila kulipunguza: mbwa hauzwi, hata aliyefunzwa kuwinda. Wanazuoni wa Hanafi huruhusu kumuuza mbwa mwenye manufaa. Lakini ni Bukhari huyohuyo aliyepokea kisa cha mtu aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake cha ngozi, akamnywesha, na Mungu akamsamehe. Kiumbe aliyekatazwa kuwekewa bei ndiye huyo ambaye kumhudumia huleta msamaha. Mambo haya mawili hayagongani. Bei humpa mnunuzi kitu, ilhali maji yale yalitolewa kwa mwenye haki ya kuishi.

Mwanafalsafa Immanuel Kant naye, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu msingi wa maadili, alitenga chenye bei, ambacho huweza kubadilishwa kwa kingine, na chenye hadhi, ambacho hakina mbadala. Mnyama alimweka upande wa vitu. Hata hivyo, alipowafundisha wanafunzi wake maadili, alisema mbwa aliyemtumikia bwana wake kwa uaminifu anastahili kutunzwa hadi kufa, hata akizeeka asifae tena. Alijitetea kwamba wajibu huo kwa kweli ni kwa ubinadamu, si kwa mbwa. Utetezi huo ni dhaifu. Hakuna anayedaiwa shukrani na jembe.

Basi ada hulipia nini, kama si mbwa? Hulipia yaliyokwisha kutendeka. Mbwa anayeokotwa barabarani huja na kupe, minyoo, mara nyingine mguu uliovunjika. Hupewa dawa, huchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa na magonjwa mengine, huhasiwa, hulishwa wiki kwa wiki hadi apatikane wa kumchukua. Mtoto wa mbwa akipatwa na virusi vya parvo huhitaji dripu na uangalizi wa siku kadhaa, na huenda asipone. Dawa zina bei, mganga wa mifugo ana ujira, na hakuna katazo juu ya hayo.

Wapo wanaoitetea ada kwa hoja nyingine, kwamba cha bure hakithaminiwi. Hoja hiyo inawadhulumu maskini, na ushahidi wake ni haba. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waliwalinganisha watu waliochukua paka kwa ada na waliowachukua bure, wakakuta mapenzi yao kwa wanyama hao hayatofautiani. Pesa si kipimo cha upendo, na vituo havina haja ya kujifanya kwamba ni kipimo.

Tena, mbwa anayepokezanwa bure kijijini naye ana gharama. Tofauti ni nani anayeibeba: asipochanjwa, huibeba atakayeng'atwa. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Takriban wanne katika kila kumi ni watoto chini ya miaka 15. Chanjo moja ya mbwa ni nafuu mno kuliko sindano kadhaa anazohitaji mtoto aliyeng'atwa, bila kuhesabu nauli ya kwenda hospitali yenye dawa.

Linabaki jambo moja gumu. Mbwa mdogo mwenye afya hutumia kidogo. Mzee aliyefanyiwa upasuaji hutumia maradufu, na ada yake haiwezi kufidia. Kwa hiyo anayemchukua mdogo huenda akamlipia mwenzake asiyemwona kamwe. Sehemu hiyo ni sadaka, na sadaka hutolewa kwa kujua. Kituo kinachotaka kuaminiwa Mombasa au Tanga kiandike risiti wazi: chanjo kiasi hiki, kuhasi kiasi hiki, chakula kiasi hiki, na mchango kwa wanyama wengine kiasi hiki, huku mstari huo wa mwisho ukiachwa kwa hiari ya mlipaji.